Waya wa Hasi

3 Machi

Muuguzi wa zahanati amenipa daftari hili. Amesema niandike kila siku Baba amekula nini, amelala vipi, ana homa au hana. Nikamwuliza nani atayasoma. Akasema, "Wewe andika tu." Haya. Baba amekula uji nusu bakuli. Amelala. Homa hana. Mvua imeanza alasiri na paa la karakana limevuja palepale linapovuja kila mwaka.

4 Machi

Uji. Usingizi. Mvua.

6 Machi

Mdogo wangu amerudi nyumbani. Amekuja na begi la nguo, kompyuta na katoni moja, amelowa hadi soksi, akasimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Nimeacha kazi," akasema.

"Umeacha au umeachishwa?"

"Kuna tofauti gani, dada?"

Tofauti ipo, ila mtu wa miaka thelathini na sita asiyeijua hataijua leo. Nikampa taulo. Tangu mwaka wake wa kwanza chuoni tunamwita Mhandisi. Zamani Baba alilitaja jina hilo mbele ya wateja, kifua mbele. Siku hizi nimebaki mimi wa kulitaja, na sidhani kama linasikika vilevile.

Nieleze mambo ya nyumba hii mara moja nisirudie. Chumba cha mbele ni karakana: redio, runinga, amplifaya, feni, chochote chenye waya. Baba aliianzisha, mimi niliingia nikiwa na miaka kumi na saba na sijatoka. Mwaka jana mwezi wa nne kiharusi kilimwangusha ameshika bisibisi. Kilichukua ulimi, mikono, miguu na shingo. Kilibakiza macho, na kidole gumba cha kushoto ambacho huchezacheza. Tunamketisha kwenye kiti mbele ya meza ya kazi kwa sababu ndipo penye mwanga, na ndipo ninapoweza kumwona. Kule hospitali walimwambia afumbe macho kama anasikia. Siku hiyo alikuwa na homa kali. Hakufumba. Wakaandika kwenye karatasi neno moja: Hajibu. Karatasi ninayo. Mimi ni fundi. Kipimo kikisema kifaa kimekufa sikai nikikibembeleza.

8 Machi

Mhandisi amefungua katoni lake juu ya meza yangu. Nilitarajia vyeti. Ni taa. Utepe mweupe umeviringwa kama bandeji, umejaa vitaa vidogo kama punje za mahindi.

"Hizi si taa za kawaida, dada. Kila moja ina chipu ndani yake. Naweza kuiambia ya saba iwe bluu, ya nane izime, ya tisa iwe zambarau. Waya wa ujumbe ni mmoja tu. Taa ya kwanza inachukua ujumbe wake, inayobaki inampitishia jirani, na jirani hivyo hivyo hadi mwisho."

"Na jirani akifa?"

"Wa nyuma yake hawapati kitu."

Kwa hiyo ni foleni. Mtu ameacha kazi ya maana kuja kusimamia foleni ya taa.

Alichukua saa tatu kuziwasha na hazikuwaka. Utepe una vishale vidogo vinavyoonyesha ujumbe unaingilia upande gani. Yeye alilehemu waya zake upande wa kutokea. Mtoto wa chekechea anajua maana ya mshale. Sikumwambia, alijionea mwenyewe jioni, akacheka peke yake.

Baba amekula vizuri. Mama Saluni, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipita kumsalimia. Aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia, "Kama runinga iliyoungua. Kasha ndilo limebaki." Akanitazama, kisha akamtazama Baba, akaondoka bila kumaliza soda yake. Watu wengine ni wepesi kuudhika kwa niaba ya wenzao.

11 Machi

Leo Mhandisi ameiagiza taa iwe nyekundu ikawa kijani. Akaiagiza kijani ikawa nyekundu. Amepekua kompyuta asubuhi nzima na kugundua kwamba taa za aina hii hupokea kijani kwanza, nyekundu baadaye. Akabadilisha herufi tatu kwenye programu, mambo yakakaa sawa. Alikuwa na furaha kama aliyejengewa nyumba. Mimi asubuhi hiyo hiyo nilitengeneza feni mbili na redio ya mchungaji, wala hakuna aliyenipigia makofi.

15 Machi

Aibu ya leo iandikwe.

Mama Saluni alitaka kioo chake kikubwa kizungushiwe taa, wateja wajione kama kwenye televisheni. Mhandisi akabandika taa mia na ishirini kuzunguka kioo kizima, akazichomeka kwenye chaja ya simu. Narudia: chaja ya simu. Wanawake wanne wamekaa na taulo vichwani, wanangoja. Akabonyeza.

Taa za mwanzo ziliwaka nyeupe safi. Kufika pembe ya kwanza zikawa za manjano, pembe ya pili zikawa rangi ya chungwa, na za mwisho zilikuwa na wekundu uliofifia kama makaa yanayokaribia kuzimika. Mama Saluni alijitazama: shavu moja bibi harusi, shavu la pili maiti. Kisha zote zikazima, zikawaka, zikazima.

"Ndiyo mtindo wenyewe?" akauliza kwa upole.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita.

"Mhandisi," nikasema, na sauti yangu ni kubwa, "taa mia na ishirini zikiwaka nyeupe zote zinataka zaidi ya ampea saba. Chaja yako inatoa moja. Tena hata ukileta adapta kubwa, utepe huo ni mwembamba, umeme unachoka njiani. Unaulisha mwanzo, unaulisha na mwisho. Hilo hawakuwafundisha chuoni, au siku hiyo ulikuwa umelala?"

Wanawake walicheka hadi taulo moja ikaanguka. Mhandisi alikuwa amepiga magoti, koleo mkononi. Hakuinua kichwa.

"Asante, dada," akasema.

Baadaye alileta adapta kubwa, akaulisha utepe pande zote mbili, akaweka na kapasita nene mwanzoni ya kutuliza umeme. Nasikia kioo kimependeza. Sijaenda kukiona. Tangu hapo haniulizi kitu. Afadhali, nina kazi.

Baba: uji, ndizi iliyopondwa. Alikohoa kidogo.

16 Machi, Jumapili

Shangazi amekuja kutoka kwake, mwendo wa saa mbili, viatu vimejaa matope. Huyu ni dada yake Baba aliyemfuata ziwa. Aliketi karibu naye saa mbili na nusu akimhadithia habari za kuku wake, mmoja mmoja. Nani anataga, nani ameacha, nani ameingia kwa jirani, jirani amesema nini, naye Shangazi akamjibu nini. Akamaliza kuku akaingia kwenye uzio. Akimaliza jambo anauliza, "Si ndiyo, kaka?" ananyamaza kidogo, kisha anaendelea kana kwamba amejibiwa.

Anaongea kama mtu ambaye simu yake imekatika na hajagundua. Nilifunga redio tatu nikimsikiliza na kila moja ilikuwa na akili zaidi.

18 Machi

Uji. Mvua imeangusha ukuta wa choo cha nyuma.

20 Machi

Mhandisi alikuwa anajaribu taa moja itembee juu ya utepe, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha irudi. Akainua kichwa ghafla.

"Dada. Mtazame Baba."

Macho ya Baba yalikuwa yanaifuata taa. Ikienda yanaenda, ikirudi yanarudi.

"Hata kifaranga hufuata taa," nikamwambia. "Hata nondo."

Akaizimisha taa katikati ya njia. Macho ya Baba yakaenda hadi mwisho wa utepe, pale ambapo taa ingefika, yakangoja.

"Na nondo hufanya hivyo?" akauliza.

Mteja aliingia, nikamgeukia.

22 Machi

Amechukua swichi laini kutoka kwenye kipanya kibovu cha kompyuta, akaifunga kwa plasta chini ya kidole gumba cha Baba. Kidole kikibonyeza, taa inasimama. Leo kilibonyeza mara tisa. Nilimwambia kidole hicho kimekuwa kikichezacheza mwaka mzima. Ukiweka swichi chini ya paa linalovuja, nalo litabonyeza. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, hakubishana. Inaudhi mtu anapoacha kubishana nawe.

25 Machi

Ametengeneza ubao. Utepe umelala juu, na chini yake kadibodi yenye herufi zote tunazotumia, A hadi Z, kila herufi na taa yake. Taa inatembea polepole kutoka herufi hadi herufi. Baba akibonyeza, taa iliyofikiwa inageuka kijani na wewe unaandika herufi yake. Pale mwishoni kuna taa ya bluu ya kusema nimemaliza.

Wazo si baya. Hapa naandika ukweli.

Ila tangu aibu ya saluni anaogopa umeme kupungua, basi ameupa ubao adapta yake peke yake, wakati inawaka taa moja tu na hata kompyuta ingetosha kuilisha. Taa zinakula kwenye adapta. Bodi ndogo inayoziamuru inakula kwenye kompyuta. Amewasha. Taa zikaruka ovyo: nyekundu kwenye D, zambarau kwenye M, tano pamoja, hakuna. Baba akabonyeza, zikaruka zaidi.

Niliona kosa kabla hajaondoa mkono kwenye swichi. Hajaunganisha hasi. Hasi ya adapta na hasi ya bodi lazima zikutane, la sivyo taa hazina pa kuupimia ujumbe, ni kama kupimiana kitambaa kila mtu kwa mkono wake. Ni waya mmoja tu, urefu wa kidole.

Nilikuwa nafunga amplifaya. Nikaendelea kuifunga.

27 Machi

Taa zinaruka. Mhandisi amebadilisha bodi. Mvua.

29 Machi

Taa zinaruka. Amebadilisha utepe. Ameongeza rezista kwenye waya wa ujumbe. Jambo jema, ila silo.

1 Aprili

Zinaruka. Anaandika programu upya kutoka mwanzo. Macho yamemwiva. Baba anabonyeza, anabonyeza, kisha anaacha.

4 Aprili

Leo aliniuliza. Nadhani ilimgharimu.

"Dada, hebu nitazamie mara moja. Huoni kitu?"

Nilisogea, nikainama juu ya ubao. Ncha mbili nyeusi za hasi zilikuwa pale, huku moja na huku moja, kati yake nafasi ya kupitisha penseli.

"Mambo ya chipu hayo," nikasema. "Mimi ni fundi wa redio."

6 Aprili, Jumapili

Shangazi tena, na safari hii na hoja. Anataka kumchukua Baba akakae kwake mvua zikiisha na barabara ikikauka. Ana chumba cha chini, ana binti wa jirani wa kumsaidia kumgeuza.

"Wewe umechoka, mwanangu," akaniambia. "Mwaka mzima peke yako. Nami nimebaki na kaka huyu mmoja."

Kuhusu uchovu hakukosea. Nilimjibu, "Mchukue tu, shangazi. Hajui alipo. Kwake hapa na kule ni mamoja."

Baba alikuwa kitini, hatua tatu kutoka nilipo.

Mhandisi akasema tumngojee kidogo, ubao ukikaa sawa tumwulize mwenyewe. Nikamwambia ubao wake umemwuliza wiki mbili na umejibu rangi za sherehe. Akatoka nje kwenye mvua. Shangazi akarudi kwenye kuku.

10 Aprili

Nimefungua daftari nikafunga. Nimefungua tena.

Kama ubao ungekuwa unafanya kazi, na Baba angebonyeza na kisitoke kitu, mimi ningekuwa sahihi na ningelala. Kama angebonyeza na kitu kikatoka, basi mwaka huu mzima alikuwa akisikia. Kila siku niliyomlisha bila kumsemesha. Kila mteja niliyemweleza habari za kasha. Kila mara nilipoulizwa mbele yake anaendeleaje nikajibu kama anayesoma lebo ya kifaa.

Baba amekula kidogo. Muuguzi akiuliza, nitasema kidogo.

13 Aprili

Mvua. Taa zinaruka.

15 Aprili

Asubuhi Mhandisi alinywa chai amesimama. Alisema kuna mtu anatafuta wa kufunga kamera dukani, anakwenda kumwona.

"Na ubao?"

"Nimeshindwa, dada. Kila kitu nimebadilisha. Labda ulikuwa sahihi na ni mimi nisiyetaka kukubali." Kisha akamwendea Baba, akamwekea mkono begani, akamwambia, "Nisamehe, mzee." Akaenda. Ubao aliuacha umewaka, unaruka rangi zake.

Mvua ilikuwa kubwa, hakuna mteja. Niliketi kwenye kazi yangu nikamtazama Baba, na nilimtazama kweli, si kwa jicho la kuangalia kama anavuja mate. Hakuwa anatazama taa. Alikuwa anatazama upande wa kushoto wa meza, chini. Nikafuata macho yake. Yalikuwa kwenye zile ncha mbili nyeusi. Akaniangalia. Akazirudia ncha. Akaniangalia tena.

Huyu ni mtu aliyeketi mbele ya meza hii miaka arobaini. Ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na saba, kwamba kifaa kikifanya wazimu uanze kwa kutazama hasi. Hakuna macho mengine duniani yanayotazama pale kwa bahati mbaya. Na nikakumbuka, maana sikuwa nimesahau, kwamba yamekuwa yakitazama pale tangu wiki ile ya kwanza. Nilidhani yamelegea tu.

Nilichukua kipande cha waya. Nikamenya ncha mbili. Nikaangusha koleo, mimi ninayelehemu vitu vidogo kuliko chawa. Nikasokota huku, nikasokota kule.

Wazimu ukaisha papo hapo. Ikabaki taa moja nyeupe, imetulia, inatembea juu ya herufi kama mtu anayepita mitaani akisoma namba za nyumba.

Ikapita A, ikapita M, ikapita S. Kwenye U kidole cha Baba kikabonyeza. Kijani.

Nilisema moyoni, bahati. Taa ikaanza upya. L. Kijani. Nikatafuta penseli. I. Nikawaza labda anataka kusema ulimi, ndilo neno lililonijia. Taa ikapita, J. Kijani. Hapo nilijua si ulimi. U, tena, baada ya safari ndefu ya herufi zote hizo, nami nimesimama nimeishika meza. Kisha mwanzoni kabisa, A. Kisha taa ya bluu.

ULIJUA.

Niliweka penseli mezani. Bati lilikuwa linapigwa na mvua. Taa iliendelea na mizunguko yake, Baba hakubonyeza tena. Alikuwa ananitazama. Nawajua watu waliowahi kutazamwa vile na Baba: wanafunzi wake walioficha kosa badala ya kulitaja. Aliwafukuza siku hiyo hiyo, mimi nikiwa nawacheka.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Nilijua."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe tangu mwaka jana.

16 Aprili

Mhandisi alirudi jana jioni akaukuta ubao umetulia. Akauona waya. Hakuuliza nani.

"Ulikuwa huu tu?"

"Huo tu."

"Umeugundua lini?"

Ningeweza kusema leo. Baba alikuwa pale, taa inatembea.

"Siku ya kwanza," nikasema.

Alikaa kwenye stuli. Alianza kuhesabu kitu kwa vidole akaacha. "Wiki tatu, dada. Nilikuuliza. Ulisogea ukainama ukatazama."

"Nilitazama."

"Mimi unanidharau, nimezoea. Lakini huyu?"

Alikwenda kulala kwa Mama Saluni, kwenye stoo ya mashampuu.

17 Aprili

Baba ameandika UJI MOTO MNO. Mwaka mzima nimekuwa nikimwunguza na kuandika amekula vizuri.

19 Aprili

Mhandisi amerudi. Haongei nami ila kwa kazi. "Shika hapa." "Leta mita." Ameutazama waya niliosokota, akasema ukiguswa utachomoka, akalehemu. Kulehemu kwake bado kubaya. Nilifungua kinywa nikakifumba. Baba akaandika BAYA. Mhandisi akacheka hadi akalia, au kinyume chake, sikutofautisha, nami niliangalia pembeni.

20 Aprili, Jumapili

Shangazi alifika akiwa hajui lolote. Tukamwonyesha ubao. Hakushangaa kama nilivyotegemea. Alivuta kiti kama kawaida, akasema, "Haya kaka, nilikuwa nimefika wapi?"

Baba akabonyeza. Ilichukua muda. UZIO.

Shangazi akapiga goti lake kwa kiganja. "Mnaona? Niliwaambia ananisikia. Mnaniona mjinga." Akaingia kwenye uzio.

Nilimngoja amalize. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa swali langu, na nilikuwa na hakika ya jibu. Karakana ni yake, meza ni yake, kiti ni chake. Sasa tunajua yupo, tunaweza kuongea naye, ana sababu gani ya kwenda kukaa na kuku? Nilipiga magoti mbele yake ili nimwone usoni.

"Baba, shangazi anataka ukakae kwake. Sisi tulipanga bila kukuuliza, na mimi nilisema maneno uliyoyasikia. Sasa nakuuliza. Unabaki au unakwenda?"

Taa ikatembea. N. A. Nikaanza kutabasamu, sijui kwa nini. Sikuwa hata nimejua neno. E. N. D. A.

NAENDA.

Mhandisi aliniangalia mara ya kwanza kwa siku nne. Nikasema sawa. Nikasema ni vizuri, hewa ya kule ni nzuri. Nikasimama, nikapanga bisibisi zilizokwisha kupangwa. Kisha nikarudi, kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha kifaa bila kujua kosa lilikuwa nini.

"Kwa nini, Baba?"

Lilikuwa neno refu. Niliandika herufi moja moja nyuma ya risiti. Katikati nilipoteza hesabu na Shangazi akanisaidia. A, N, A, N, I. Mvua ilikuwa imekatika na uani kulisikika matone tu. S, E, M, E. Kidole kilichoka kikapumzika mzunguko mmoja mzima. S, H, A.

ANANISEMESHA.

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Basi, kaka, basi, usijichoshe." Mimi nilikunja risiti nikaiweka mfukoni.

Miezi yote hii nilimwona mwanamke huyu ni mpumbavu anayeongea na simu iliyokatika. Simu haikuwa imekatika. Mimi ndiye niliyekuwa sijapiga.

27 Aprili

Wameondoka asubuhi. Jua. Nimefunga ubao kwenye fremu ya mbao, waya zote nimezilehemu upya na kuzibana zisichomoke njiani, nikamfundisha Shangazi kuwasha na kuzima. Alielewa mara moja. Kiti nimekisogeza ukutani, hakuna anayekikalia.

Mhandisi sasa ana nusu ya meza. Anatengeneza ubao wa pili kwa mgonjwa mmoja ambaye muuguzi amemtaja. Nimemwonyesha namna ya kupasha moto kiungo kabla ya kuweka risasi ya kulehemia. Alisema, "Ungeniambia haya mwezi wa tatu." Nikasema, "Kweli, ningekuambia." Hatukuendelea zaidi ya hapo, ila kiungo kilichofuata kilikuwa kizuri, nami nikamwambia ni kizuri.

11 Mei, Jumapili

Nimekwenda kumwona Baba. Barabara imekauka kabisa. Shangazi alinikaribisha, kisha akatoka kwenda kwa kuku wake makusudi, nilimjua.

Tukabaki wawili. Chumba ni safi, dirisha linatazama uani, ubao uko mbele yake mezani. Nilikaa kwenye kiti cha Shangazi na nikagundua sijui kuanza. Watu wanaongeaje bila kutengeneza kitu? Nikakohoa. Nikamwambia karakana haijambo. Nikamwambia Mhandisi hajambo. Nikaishiwa.

Ndipo nikakumbuka amplifaya ya kanisani. Nikamhadithia: mchungaji ameileta inanguruma, mafundi wawili wamekwisha kushindwa nayo, mimi nimeifungua, nimeitazama dakika tano, nikaweka kidole moja kwa moja kwenye ubovu, mchungaji akabaki kinywa wazi. Nilihadithia vizuri, na mikono nikatumia.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha kidole kikaanza. Nilichukua penseli. U. O. N. Mzunguko mfupi wa G. O. Bluu.

UONGO.

Nilitazama ubao, nikamtazama yeye. Pumzi zilikuwa zinamtoka puani fupi fupi, na jicho moja limemfumba nusu. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Siku mbili," nikakiri. "Nilihangaika siku mbili, Baba, nikaunguza fyuzi tatu. Na kosa aliliona Mhandisi akipita na chai."

Akaniwekea macho, akingoja. Nikavuta kiti karibu, nikaianza hadithi tangu mchungaji alipobisha mlango, safari hii kama ilivyokuwa.